MCHAKAMCHAKA WA JUMAMOSI: PUMZI, WIMBO NA MWINUKO WA NYANDA ZA JUU KUSINI

Jumamosi alfajiri, baridi ingali imetanda juu ya bonde la Mto Ruaha Mdogo, mkazi wa mji wa Iringa anayelala karibu na barabara huamshwa na filimbi, kisha na vishindo vya miguu mingi inayokanyaga kwa pamoja, kisha na sauti ya mtu mmoja inayotangulia na sauti nyingi zinazoitikia. Kundi hupita. Ndani yake yumo mwuza duka, mwalimu, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, na mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya suruali. Hakuna aliyelipa kiingilio, wala hakuna atakayevishwa medali. Baada ya saa moja hivi watakuwa wamekwisha kunyoosha viungo uwanjani, na kila mmoja atarudi kwenye shughuli zake. Huko Mbeya, chini ya Mlima Loleza, mambo ni yayo hayo.

Vikundi hivi, ambavyo siku hizi watu huviita vya jogingi, vimeenea katika miji yetu mingi, na mlango wao kwa kawaida u wazi kwa yeyote atakaye kuingia. Hata hivyo, kuingia ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa mtumishi wa ofisi mwenye umri wa miaka 45, aliyehamishiwa Mbeya kutoka Dar es Salaam. Daktari amempima na kumweleza kwamba shinikizo la damu yake limeanza kupanda na kwamba yampasa afanye mazoezi. Jumamosi ya kwanza anajiunga na kundi. Kwa kuona haya, anajibana katikati ya vijana na kukaza mwendo sawa nao. Hazipiti dakika 10, kifua kinawaka, miguu inakuwa mizito kama gogo, na kundi linampita likiimba. Anarudi nyumbani peke yake akijiambia kwamba uzee umekwisha ingia. Jumamosi ya pili haonekani tena.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mtu huyu hakushindwa na uzee. Alishindwa na mambo matatu yanayoweza kupimwa na kurekebishwa: hewa ya mwinuko, kasi aliyoichagua, na namna kundi lenyewe lilivyopangwa. Akiyafahamu hayo matatu, yeye na kundi lake, ipo sababu kubwa ya kutumaini kwamba atarudi.

DESTURI YA ZAMANI YENYE JINA JIPYA

Kukimbia pamoja kwa kuimba si jambo geni nchini. Vizazi vingi vya Watanzania vilianza siku shuleni kwa mchakamchaka: wanafunzi wakijipanga kwa mistari, kiongozi akianzisha wimbo, na wote wakiitikia huku wakikanyaga chini kwa mapigo ya wimbo huo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliukuza utaratibu huo katika makambi yake, na moja ya makambi yanayojulikana sana liko Mafinga, katika mkoa huu huu wa Iringa. Watu wengi wenye mvi wanaokutana leo uwanjani Jumamosi hawahitaji kufundishwa namna ya kukimbia kwa mpangilio. Miguu yao ingali inakumbuka.

Wala si jambo geni kwa taifa kuitazama afya kuwa kazi ya kundi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Maradhi yaliyolengwa wakati ule yalikuwa malaria, kichocho, kuhara na mengine ya kuambukiza. Maradhi hayo hayajatoweka, lakini yamepata wenzao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na karibu mmoja katika kila kumi na mmoja alikuwa na sukari iliyozidi katika damu. Desemba 2016 Serikali, kwa tamko la aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, ilizindua kampeni ya mazoezi na kuihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi wote.

Nchi nyingine nazo zimepata kuvumbua jambo lililo karibu sana na mchakamchaka wetu. Tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikutana katika bustani ya Bushy Park mjini London wakakimbia kilomita 5 bila kutozwa chochote. Mwitishaji alikuwa Paul Sinton-Hewitt, ambaye wakati huo alikuwa ameumia na hakuweza kukimbia mwenyewe. Kutokana na mkutano huo mdogo zilizaliwa mbio ziitwazo parkrun, ambazo leo hufanyika kila Jumamosi asubuhi katika nchi zaidi ya 20. Mwaka 2011 zilifika Afrika Kusini, na huko karibu na mji wa Stellenbosch wapo watu wanaokimbia kati ya mashamba ya mizabibu, milima ikiwa mbele yao, katika shamba ambalo siku nyingine hutembelewa na watu wanaofuata mvinyo.

Nyanda za Juu Kusini hazikosi mandhari ya namna hiyo. Kuna miteremko ya chai ya Mufindi na Rungwe, kuna kahawa kuelekea Mbozi, na katika Kilolo na Mufindi kuna vichaka vya mianzi ambavyo ndiyo mizabibu ya wenyeji, kwa kuwa humo hugemwa ulanzi. Juu ya kinywaji hicho tutarejea baadaye. Kwanza yafaa tuitazame hewa.

HEWA ILIYO NYEPESI

Mama mpishi aliyehama kutoka pwani kwenda Mbeya hugundua upesi kwamba maharage yake yanachelewa kuiva. Kuni ni zile zile na chungu ni kile kile. Kilichobadilika ni uzito wa hewa inayokandamiza maji. Pwani, maji huchemka yafikapo nyuzi 100. Mbeya mjini, palipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, na maji yenye joto pungufu huivisha polepole zaidi.

Upungufu huo huo wa uzito wa hewa ndio unaomsumbua mkimbiaji. Pwani hewa hukandamiza kwa kiasi cha milimita 760 za zebaki. Mbeya ni kama 620, na Iringa, iliyo kati ya mita 1,500 na 1,600, ni kama 630. Watu wengi hudhani kwamba juu mlimani oksijeni hupungua katika mchanganyiko wa hewa. Sivyo, huko nako, katika kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni. Kinachopungua ni wingi wa hewa yote inayoingia katika mkupuo mmoja wa pumzi. Kwa hiyo mtu avutaye pumzi Mbeya hupata oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ambayo angepata akiwa Dar es Salaam.

Mtu aliyekaa kitako haioni tofauti hiyo, maana mwili una akiba. Moyo huongeza mapigo kidogo, mapafu huongeza kina cha pumzi, na mambo huendelea. Akianza kukimbia, akiba hiyo hutumika upesi. Uwezo wa juu kabisa wa mwili wa kutumia oksijeni hupungua, kwa mwinuko kama huu, kwa kadiri ya asilimia 5 hadi 10. Aliyezoea kukimbia kilomita moja kwa dakika 7 huko Dar es Salaam, akijitahidi kwa kiasi kile kile Mbeya, hana budi kukubali sekunde 20 au 30 zaidi. Asipokubali, mwili utamlazimisha.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, iliyofanyika mji wa Mexico ulio na mwinuko wa mita 2,240, iliufundisha ulimwengu somo hili mbele ya watu wote. Katika mbio ndefu, wakimbiaji wengi mashuhuri wa nchi za tambarare walilemewa, na Kipchoge Keino, mwana wa nyanda za juu za Kenya, alishinda mbio za mita 1,500 kwa nafasi kubwa. Lakini hata kuzaliwa mlimani si kinga ya kila kitu. John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyetoka Mbulu, alipatwa na mkakamao wa misuli katika mbio za marathoni, akaanguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Kati ya watu 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, na yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani giza likiwa limekwisha ingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Katika siku za mwanzo mgeni huvuta pumzi mara nyingi zaidi. Wakati huo huo figo zake, zikihisi upungufu, huongeza homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Kwa hiyo yule mtumishi wetu aliyehamia Mbeya juzi na kukimbia na vijana waliozaliwa Mwanjelwa na Uyole, alikuwa akishindana na watu ambao damu yao imekwisha zoea hewa hiyo. Majuma 3 ya kutembea kwa miguu kabla ya kukimbia yangemfaa sana.

WIMBO KAMA KIPIMO

Sasa tuje kwenye kasi. Mkimbiaji atajuaje kwamba anakwenda kwa kasi impasayo, iwapo hana saa ya kupima mapigo ya moyo? Jibu limo ndani ya mchakamchaka wenyewe.

Ili mtu aseme au aimbe, lazima atoe pumzi polepole na kuizuia isitoke yote kwa mara moja. Anapokimbia kwa kasi ya wastani, misuli hupata oksijeni ya kutosha na mapafu huwa na nafasi ya kufanya kazi zote mbili. Akizidisha kasi, hufika mahali ambapo misuli hulazimika kuzalisha sehemu ya nguvu zake kwa njia ya haraka isiyotegemea oksijeni. Njia hiyo huifanya damu ielekee kuwa na asidi. Damu hujitetea kwa kuigeuza asidi hiyo, na katika kufanya hivyo hutoa hewa ya ukaa zaidi ya kawaida. Ubongo, ukiihisi hewa hiyo, huamuru mapafu yahemeshe upesi ili itolewe. Tangu hapo pumzi haina tena nafasi ya maneno; sentensi hukatika katikati na wimbo hugeuka kuwa mhemo.

Wataalamu wa mazoezi ya mwili wamelipima jambo hili mara nyingi katika maabara, nao wamekuta kwamba mahali ambapo mtu hushindwa kuzungumza kwa raha ni karibu sana na mahali ambapo vyombo vyao huonyesha badiliko hilo la pumzi. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala betri, na tena hujirekebisha chenyewe kwa mwinuko. Mtu akihama kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, pumzi yake itakatika kwa kasi ndogo zaidi, na hivyo wimbo utamwambia apunguze mwendo bila yeye kujua hesabu yoyote ya milimita za zebaki.

Yafaa hapa tutofautishe. Anayeweza kuimba wimbo mrefu mfululizo bila kutafuta pumzi anakwenda pole mno, na moyo wake haupati kazi ya kutosha. Asiyeweza hata kutamka maneno matatu amezidisha. Mchakamchaka hukaa katikati. Kiongozi hutoa ubeti mfupi, na wakati huo wengine hupumua. Kisha wote huitikia kwa maneno machache, na kiongozi hupata nafasi ya kupumua. Mwenye kuweza kuitikia kila mara, kwa sauti isiyotetemeka, yumo katika kiwango kinachofaa. Kiongozi mwerevu basi hatazami saa, husikiliza. Kiitikio kikianza kufifia upande wa nyuma, hiyo ndiyo dalili kwamba kasi ya mbele imezidi.

Kufuatana kwa hatua nako kuna faida yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwapima wapiga makasia 12 walipofanya mazoezi kila mmoja peke yake na walipofanya kwa pamoja kwa mapigo mamoja. Kazi waliyoifanya ilikuwa ya kiasi kile kile, lakini baada ya kufanya pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya kuongezeka kwa kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kuleta furaha. Watu 12 ni wachache, na haifai kujenga nyumba kubwa juu ya msingi huo mmoja. Hata hivyo, aliyepata kukimbia mchakamchaka hatashangazwa na matokeo hayo.

FAIDA INAYOTAFUTWA

Ni nini hasa kinachotendeka kwa mtu anayedumu katika mbio hizi? Jambo la kwanza ni la damu. Mazoezi huifanya mishipa midogo itanuke, na kwa saa kadhaa baada ya mbio shinikizo la damu huwa chini kuliko lilivyokuwa kabla yake. Mtu akirudia mara kwa mara, badiliko hilo huelekea kudumu. Kwa wenye shinikizo kubwa, upungufu wa wastani ni kama milimita 5 hadi 8 za zebaki. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini kikipatikana kwa watu wengi, huzuia idadi kubwa ya viharusi.

Jambo la pili ni la sukari. Kwa kawaida misuli huhitaji homoni ya insulini ili iipokee sukari kutoka katika damu. Misuli inayofanya kazi hufungua njia nyingine ambayo haiingoji insulini, na athari hiyo huendelea kwa muda hata baada ya mtu kupumzika. Ndiyo sababu mazoezi huwa dawa kwa mtu ambaye insulini yake imeanza kupoteza nguvu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150. Ni dhahiri kwamba Jumamosi moja haitoshi. Mbio za Jumamosi zenye dakika 45 hazina budi kuungwa mkono na kutembea, kulima bustani au kupanda vilima vya mji katika siku za katikati. Thamani kubwa ya Jumamosi ni kwamba humkumbusha mtu. Ajuaye kwamba wenzake watamngoja kwenye kona ya barabara huona haya kukosa.

MTU WA MWISHO

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo linaloamua kama mgeni atarudi au la: mpangilio wa kundi. Katika zile mbio za parkrun kuna desturi moja yenye hekima. Kila Jumamosi mtu mmoja wa kujitolea hupewa kazi ya kuwa nyuma ya wote na kumaliza wa mwisho kabisa. Kwa sababu nafasi ya mwisho ina mwenyewe, hakuna mgeni anayeweza kuishika. Matokeo yake yameonekana katika hesabu. Nchini Uingereza, wastani wa muda wa kumaliza kilomita 5 ulikuwa chini ya dakika 25 katika miaka ya mwanzo, nao umerefuka hadi kupita dakika 30. Waandaaji huuhesabu urefu huo kuwa ushindi, maana unaonyesha kwamba wazee, wanene na wagonjwa waliokuwa wakibaki nyumbani sasa wanatoka.

Vikundi vyetu vina desturi iliyo nzuri zaidi, ambayo ni kwenda pamoja. Lakini desturi hiyo huharibika vijana wanapoigeuza mchakamchaka kuwa mashindano. Kundi likivunjika vipande viwili, cha mbele kinachoimba na cha nyuma kinachohema, limekoma kuwa kundi. Kwa hiyo yapendekezwa kwamba kila kikundi cha Iringa na Mbeya kiwe na viongozi wawili: mmoja wa mbele mwenye wimbo, na mmoja wa nyuma mwenye filimbi. Filimbi ikilia, wa mbele hupunguza mwendo, au hugeuka na kurudi kuwachukua walio nyuma. Vijana wenye nguvu hawapotezi kitu kwa kurudi; hupata mita nyingi zaidi.

Kwa mgeni mwenyewe, utaratibu unaofaa ni huu. Katika majuma mawili ya kwanza akimbie dakika 1 na kutembea dakika 2, kwa jumla ya dakika 20. Majuma mawili yafuatayo akimbie dakika 2 na kutembea 2. Kisha aongeze kidogo kidogo hadi juma la 8, ambapo walio wengi huweza kukimbia dakika 20 mfululizo. Moyo na mapafu huzoea upesi kuliko mifupa na kano. Ndiyo maana mtu anayejisikia mwepesi katika juma la 3 huumia goti katika juma la 4. Kwenye mlima, kama ule wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, kutembea si aibu hata kwa mzoefu.

Kuna watu wasiopaswa kuanza kabla ya kumwona mganga. Aliyepita umri wa miaka 40 bila kupimwa shinikizo la damu akapimwe kwanza katika kituo cha afya. Kipimo kikifika 180 kwa 110 au zaidi, matibabu yatangulie mbio. Anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mapigo ya moyo yasiyo na mpango akiwa njiani asimame mara moja na aseme. Mwenye homa abaki nyumbani, kwa kuwa baadhi ya maradhi ya homa hugusa misuli ya moyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe kitu kitamu mfukoni. Mwenye pumu ajihadhari hasa miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ya alfajiri Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, kwani hewa baridi na kavu huibana mirija ya mapafu.

NJIA, MAGARI NA ULANZI

Hatari kubwa kupita zote si ya moyo wala ya mapafu. Barabara kuu iendayo Zambia, inayopita pembeni mwa Iringa na kukatisha katika mji wa Mbeya, hubeba malori mazito usiku na mchana, na alfajiri dereva aliyekesha huenda asione kundi la watu ndani ya ukungu. Lori lililopakia shehena haliwezi kusimama ghafla kwenye mteremko. Kundi lolote lenye kujali uhai wa watu wake lichague njia za mitaa, za mashambani au uwanja, na likilazimika kuvuka barabara kuu, livuke kwa pamoja na kwa mavazi ya rangi ya kung'aa.

Njia za mashambani ndizo zenye mandhari pia, na hapo ndipo tunaporudi kwenye ulanzi. Mianzi hii, ambayo wanasayansi huiita Oxytenanthera abyssinica, huchipua wakati wa mvua. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, hutundika mbeta ya mwanzi chini yake, na kila siku, asubuhi na jioni, huparuza upya jeraha ili utomvu uendelee kutiririka. Utomvu huo ukiwa mbichi ni mtamu kwa sababu ya sukari. Hamira na bakteria zilizomo hewani na katika mbeta huianza kazi mara moja, na katika muda wa siku moja au mbili sukari hugeuka kuwa kileo na ladha huwa ya uchachu.

Mkimbiaji aliyepita kati ya vichaka hivyo katika miezi ya masika huenda akakaribishwa. Afahamu kwamba kileo huizuia homoni inayowaamuru figo watunze maji, na kwa hiyo mtu hukojoa maji mengi zaidi wakati mwili unayahitaji. Vilevile kileo hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya, na mtu aliyekimbia kabla ya kula anaweza kuishiwa nguvu hata kuzimia. Maji, uji au togwa visivyo na kileo vitangulie, pamoja na chakula. Ulanzi ungoje jioni, na kwa kiasi.

JUMAMOSI YA PILI

Na tumrudie yule mtumishi wa Mbeya. Tuseme jirani yake, ambaye ni mlinzi wa nyuma katika kikundi, amemgongea mlango Jumamosi iliyofuata. Safari hii hakujibana katikati ya vijana. Ameanza nyuma, dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, huku mwenzake akizungumza naye ili aisikie pumzi yake. Mbele yao wimbo unaendelea. Mara mbili filimbi imelia na kundi limerudi kuwachukua. Hakuitikia beti zote, lakini ameitikia za mwisho, na kwa kipimo tulichokieleza, hilo latosha kabisa kwa siku hiyo.

Taifa linapohesabu wanamichezo wake, huwahesabu waliotangulia. Afya ya taifa huhesabiwa kwa namna nyingine, kwa kuwatazama walio nyuma na kuuliza kama Jumamosi ijayo watakuwapo. Akhwari alikuwa wa 57 katika watu 57, na Watanzania wanaomkumbuka leo ni wengi kuliko wanaoweza kumtaja aliyeshinda siku ile. Vikundi vya Iringa na Mbeya vinavyokimbia kwa mwendo wa mtu wao wa mwisho vinaitibu nchi bila gharama, na kipimo cha tiba hiyo wanacho vinywani mwao.